Mimi Kifua Sina

Jumatatu, 16 Juni

Godi kanyakua pampu yangu ya pumu sasa hivi, kaiweka sikioni. "Haloo, bibi!" Kisha kambonyezea kuku usoni. Kuku sasa anapumua kuliko sisi wote.

Kesho narudi kazini. Wiki iliyopita nilibanwa nikipeta maharage ya mama mkwe. Midomo ikabadilika rangi. Mwalimu Aneth, jirani, ndiye aliyenipakia bodaboda. Hospitali nikavalishwa oksijeni, Godi akalia sana, eti mama amevaa kikombe. Mwanangu! Nikajiapiza sitavaa kikombe tena.

Daktari kasema moshi na vumbi marufuku. Ahsante, daktari. Mimi mpishi wa kuni, Kasulu, mwezi Juni. Labda nikapike mawinguni.

Bi Siti, mwenye mgahawa, hajui kitu. Josepha, mpishi mwenzangu, alishaniambia kuna msichana alikohoa mbele ya wateja, kesho yake hakuonekana. Basi nikampigia Bi Siti simu nikasema nimefiwa na shangazi Niyomwungere wa Kitanga. Shangazi ni mzima, anachimba mihogo. Mungu atanielewa. Shangazi, sijui.

Jumanne, 17 Juni

Bi Siti kamlilia shangazi, mtu ambaye hajawahi kumwona. Na mimi nikalia. Moshi ulisaidia.

Nilijifunga khanga puani, nikasema jino. Josepha akatega sikio. Akauliza, Mama Godi, jino gani hilo linapiga filimbi? Nikasema ni jino la nyuma. Nikaenda kuvuta pampu nyuma ya choo. Nikaenda tena. Na tena. Josepha sasa anawatangazia wateja kwamba jino la Mama Godi limeshuka tumboni.

Jumatano, 18 Juni

Mtego! Nimeuruka!

Bi Siti katuita wote wawili. Kasema mmoja wetu atatoka jikoni akae mbele, mlangoni penye upepo, awapokee wateja na kumimina chai. Pale wanakula wakubwa, na watu wa mashirika wakitoka kambi ya wakimbizi ya Nduta, na wanaongea mambo yao. Basi, akasema, nataka mtu mwenye kifua. Akanigeukia. Mama Godi, mimi naona wewe una kifua.

Moyo ukadondoka kwenye ndala. Kumbe ananichunguza! Hiyo habari ya mlangoni ni chambo tu. Nikaapa. Bi Siti, Mungu shahidi, mimi kifua sina. Mama yangu hana, ukoo wetu mzima hauna. Waulize majirani. Mwenye kifua hapa ni Josepha, tena kikubwa!

Bi Siti akanitazama sana. Akasema, haya, angalau umesema kweli.

Josepha alikuwa anacheka. Cheka tu, dada. Kesho unafungasha.

Alhamisi, 19 Juni

Josepha hakufungasha. Josepha kakaa mlangoni, kitenge kipya, anapigwa upepo, anakoroga sukari kama bibi harusi. Mimi nimerithi mafiga yote.

Nikamuuliza Mwalimu Aneth. Yeye mtu wa Tanga, Kiswahili kazaliwa nacho, kama Bi Siti wa Ujiji. Alicheka mpaka akashika ukuta. Eti mwenye kifua ni mtu anayetunza siri.

Imana yanje, Mungu wangu! Kwetu kifua ni kifua, kinabana, unapelekwa hospitali. Na mimi nimeapa mbele ya watu kwamba ukoo wetu wote ni midomo wazi.

Ijumaa, 20 Juni

Naandika nimelala.

Kuni zilikuwa mbichi. Moshi ukanikamata, nikapapasa pindo la kitenge. Pampu hakuna! Godi alikuwa nayo nyumbani, anapiga simu. Nikakaa chini. Akilini nikamwona mwanangu analia juu ya kile kikombe.

Mara salamu ya kwetu mlangoni: "Mwakeye!" Marehemu! Shangazi Niyomwungere, mihogo kichwani, Godi mgongoni, pampu mkononi mwa Godi. Alipitia kwangu kuniona mgonjwa. Nikaivuta, nikavuta tena, nikaona dunia inarudi. Shangazi akauliza kwa sauti ya shambani kama pumu bado inanisumbua. Bi Siti akamuuliza jina. Akalitaja. Bi Siti akaangusha upawa.

Hapo nikaungama yote. Bi Siti akanisema! Eti mama yake mzazi alikuwa na pumu. Eti yule msichana aliyekohoa, ni yeye Bi Siti aliyempeleka hospitali. Ungekufa jikoni kwangu, akasema, mtoto nimwambie nini? Kuanzia sasa nakata matunda uani, moshi basi. Kaniapisha nisidanganye tena, na neno nisilolijua niulize. Nikaapa huku Godi kanishika shavu.

Shangazi yeye kaniuliza jambo moja tu: msibani kwake walipika nini.

Jumamosi, 21 Juni

Josepha kaharibu! Kasikia mteja mmoja mkubwa anaposa mke wa pili, kafikisha habari kwa mke wa kwanza kabla chai haijapoa. Kifua hicho! Karudishwa jikoni. Kiti cha mlangoni ki wazi. Upepo wangu! Pumzi zangu!

Ila kuna neno. Bi Siti kapita akisema safari hii anataka mtu mwenye uso mkunjufu. Mkunjufu! Tena kanitazama mimi. Ni kweli nikibanwa nakunja uso kidogo, lakini si wa kukunjika hivyo. Nimwulize mwalimu? Ya nini? Kunja ni kunja, hata Godi anajua. Mara hii sidanganyiki.

Huyo ananiita. Nakwenda kumwambia wazi kwamba uso wangu haujawahi kuwa mkunjufu tangu nizaliwe, na kama anamtaka mwenye nao, basi ni Jose—