Ombi la Kurudishiwa Ugomvi Wetu

Kwa Mwalimu Mkuu,
Shule ya mtaani kwetu,
Kairouan.

Mheshimiwa Mwalimu Mkuu,

YAH: BLOGU YA BINTI YANGU KUFANYWA SOMO LA UFAHAMU

Nakuandikia nikiwa mzima wa afya, ila hasira ninazo. Mimi ni Lamjed, baba yake Yosr wa darasa la sita. Mimi na kaka yangu Mongi tunauza makrudhi, vile vitafunio vya tende na asali, katika duka alilotuachia marehemu baba: mimi nakanda unga na kujaza tende, yeye anasimamia karai la mafuta. Huu ni mwaka wa saba hatusemeshani. Sasa Mwalimu Saloua, ambaye sina ubaya naye, amekiweka kando kitabu cha kusoma chenye hadithi ya mbweha na anawasomesha watoto blogu walizoandika wenyewe. Ya kwanza ilikuwa ya Yosr, yenye kichwa "Baba na Ami Hawasemeshani". Malalamiko yangu ni haya:

1. Ugomvi wetu ulikuwa na utaratibu. Ulianza siku Kaka aliposema mbele ya wateja kwamba unga wangu ni mgumu. Unga ule haukuwa mgumu. Tangu hapo tunazungumza kupitia wateja. Mimi husema, "Hebu mwambie huyo bwana mafuta yanaungua." Naye hujibu kwa njia hiyohiyo, "Mwambie aliyekutuma, macho ninayo." Hakuna mteja aliyewahi kulalamika, na wengine hupewa makrudhi ya kuonja kwa usumbufu huo.

2. Maswali yalikuwa ya uchokozi. Mojawapo liliuliza: "Kati ya ndugu hawa, nani anaumia zaidi? Toa sababu." Darasa zima lilinitaja mimi, kwa kuwa Yosr aliandika kwamba Kaka alipolazwa hospitali nilishinda dukani nikimsimulia paka habari zake. Naomba kusahihisha: nilikuwa nawaza kwa sauti. Paka alikuwepo tu.

3. Swali la mwisho ndilo lililotumaliza: "Ungekuwa mteja wa duka hili, ungefanyaje?" Watoto walijibu kwamba wangegoma kubeba maneno. Mwalimu akawapa alama zote, nao wakaenda nyumbani kuwafunza wazazi wao. Sasa mtaa mzima umegoma. Hata Hajja Mbarka, aliyebeba maneno yetu tangu mwanzo bila kuangusha hata moja, nilipomtuma alinijibu: "Mwanangu, mdomo unao. Mimi nimekuja kununua."

4. Kwa sababu hiyo, juzi, duka likiwa limefurika watu wa Maulidi, karai lilianza kutoa moshi. Nikamtazama kila mteja, na kila mteja akatazama dari. Ikabidi niseme mwenyewe: "Kaka, punguza moto, utaungua." Akapunguza. Kisha akasema, "Nimekusikia, Lamjed." Mheshimiwa, miaka yote hiyo sikuwa nimesikia jina langu kinywani mwake. Machozi yalinitoka mbele za watu, nikasingizia moshi. Hajja Mbarka akapiga kigelegele, na makrudhi yote yaliyokuwa karaini yakaungua.

Kwa hiyo naomba blogu zisimamishwe, na watoto warudishiwe yule mbweha wa kitabuni, ambaye hana duka mtaani kwetu. Pia darasa la sita litungiwe maswali mapya yanayofundisha kufikisha maneno ya watu wazima bila kuhoji. Hilo likishindikana, basi shule itutumie mwalimu mmoja kila asubuhi, kwa zamu, asimame kati ya unga na karai mpaka watu wa mtaa watakapopata akili.

Wasalimie walimu wote na mlinzi wa lango. Msalimie na Mwalimu Saloua, lakini kwa sauti ya chini.

Ni mimi, mzazi mwenye kinyongo,

Lamjed Harzalli

N.B. Mwandiko wa hapo juu ni wa Kaka Mongi; huu wa chini ni wangu. Mikono yangu ilikuwa imejaa asali, kwa hiyo mimi nilitamka na yeye akaandika. Sasa nimeipitia ili nitie sahihi, nikakuta katika hoja ya kwanza sentensi isemayo kwamba unga ule haukuwa mgumu. Hiyo mimi sikuitamka. Nimemuuliza, naye amesema, "Tia sahihi, bwana, watu wanasubiri." Naomba basi barua hii usiifanyie kazi. Ukishaisoma, nirudishie kwa mkono wa Yosr. Nataka kuitunza.