Kitanzi cha Mniko

Jumatatu, 9 Juni 1997
Mkuu wa idara ya sayansi anahamishwa. Hatimaye! Mwalimu Mkuu, Bwana Elkana, ametangaza kwamba cheo atakipata mwalimu atakayeng'ara kwenye maonyesho ya Homa Bay, Jumamosi. Tuko wawili: mimi na Mellen. Mellen! Yeye atatia mkaa kwenye ndoo inayonuka omena, wale dagaa wa ziwani, harufu ipotee. Hiyo ni sayansi au ni kuosha vyombo?

Mimi nitaonyesha kwa kompyuta kwa nini mkaa humeza harufu. Una vitundu visivyoonekana kwa macho. Gesi ikisukumwa humo hugeuka majimaji. Ikiachiwa, haitoki kwa njia iliyoingilia. Ukichora grafu, mstari wa kuingia na wa kutoka huachana katikati, kikafanyika kitanzi. Ndivyo vitabu visemavyo. Mellen hasomi vitabu, ananusa ndoo.

Jumanne, 10 Juni
Zubair, anayechapa kadi za harusi hapa Suna, amekubali niitumie kompyuta yake. Nimeandika programu safi. Tundu langu lina umbo la faneli: mdomo mpana wazi, ncha nyembamba imezibwa. Nikabonyeza. Mstari mmoja! Gesi imeingia, imetoka, imekanyaga nyayo zake zilezile. Kitanzi hakuna. Nikalaumu umeme wa Zubair. Akaniuliza kama umeme ndio uliosomea chuo kikuu.

Mara Mellen akaingia kuchapa mtihani, akachungulia bila kualikwa. Eti jibu ni sahihi! Eti faneli iliyozibwa chini hujaa kuanzia kwenye ncha na hupungua vivyo hivyo, hakuna cha kuizuia. Nikitaka kitanzi nigeuze tundu: nizibe upande mpana, niache mwembamba wazi. Hapo gesi itaingia kama samaki kwenye mtego wa mgono, na kutoka itakuwa kazi. Nikamwambia arudi kwa omena zake. Nigeuze tundu kwa neno la Mellen? Thubutu!

Jumatano, 11 Juni
Penye nia pana njia. Nimeongeza amri moja tu kwenye programu: gesi ikitoka, jumlisha kumi. Basi! Mistari ikaachana kwa adabu. Kitanzi kinono, cha kuvutia. Nimekipa jina langu, Kitanzi cha Mniko. Zubair amekichapa kwenye bango kwa herufi za harusi, na maua pembeni, na programu ameitia kwenye diski ya kwenda nayo Homa Bay.

Alhamisi, 12 Juni
Nimemshauri Bwana Elkana amwache Mellen nyumbani, ndoo ile itaiaibisha shule. Akaunusa mkono wake, kumbe alikuwa ametoka kula omena. Mellen anakuja.

Sammy, mwalimu wa Kiswahili, akasoma bango langu akacheka. Akaniuliza kama najua mtu akijitia kitanzi huwa amefanya nini. Nikamjibu kwamba wanasayansi hatutishwi na methali. Akasema si methali. Hawa watu wa lugha, hawajawahi kuvumbua hata sindano!

Jumamosi, 14 Juni
Aibu. Aibu!

Ukumbi ulijaa. Nikatia diski kwenye kompyuta ya maonyesho, kitanzi kikaonekana, watu wakapiga makofi, nikainama kama waziri. Ndipo Daktari Phelesia, jaji kutoka chuo kikuu, akaomba nitoe gesi yote tunduni. Nikabonyeza. Kompyuta ikasema imebaki kumi. Akaomba nitoe tena. Ishirini. Tena. Thelathini. Kila nikitoa inazidi! Akauliza, kwa upole wa kuudhi, gesi hiyo inatoka wapi. Nikasema ni tabia ya gesi za Ulaya.

Mzee mmoja wa Sindo akapaza sauti kutoka nyuma: "Omera, ndugu yangu, huyu mwalimu amejitia kitanzi, na amekiandika jina lake!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Sammy alicheka mpaka akashikwa na kikohozi. Nilitamani ardhi inimeze.

Mellen akaleta ndoo, akatia mkaa, harufu ikaisha. Akaupasha mkaa moto, harufu ikarudi. Akaeleza vitundu kwa mgono wa kusuka, mdomo mwembamba kwanza, kisha mpana. Mkuu wa idara ni Mellen.

Jumapili, 15 Juni
Mkuu mpya wa idara amekuja kwangu baada ya kanisa. Nilidhani anakuja kunisimanga. Amesema Daktari Phelesia aliiona programu yangu ndani ya diski na akasikitika. Bila ile amri ya kujumlisha, ule mstari mmoja ulikuwa kazi halisi, na hakuna mwingine pale aliyejaribu kitu kama hicho. Ningeshinda. Mellen mwenyewe alisema: ningeshinda. Iliniuma sana, sikuweza hata kumkaribisha chai.

Baada ya yeye kuondoka nimekaa nikafikiri kwa makini, kama mtu msomi. Sasa nimeliona kosa langu, tena ni dogo tu. Kumi ilikuwa nyingi mno. Kesho naenda kwa Zubair kuweka tano.