Amplifaya Iliyolala Balkoni

Jumatatu, 7 Februari 2011

Imewaka! Bila moshi! Amplifaya ya Evodius, mwenzangu wa chama cha redio, inakula wati mia tatu ili irushe mia moja hewani. Mia mbili zilizobaki ni jiko tu. Yangu inakula mia na hamsini, inarusha mia ileile. Theluthi moja dhidi ya theluthi mbili! Na yeye ana digrii. Mimi nina bisibisi, na mashine za kufulia za nusu ya mtaa wetu wa Rinkeby zilizopita mikononi mwangu.

Jumamosi chama chetu cha redio pale Sundbyberg kinaita Bukavu kwa masafa mafupi. Mwenye mtambo bora ndiye atakayeita. Upande wa pili atakuwepo Mzee Dieumerci, aliyenifundisha ufundi, kisha akanifukuza mbele ya wateja akisema redio zangu zinanguruma kama tumbo la mbuzi. Sasa atanisikia. Kutoka Ulaya. Laini kama mawese.

Jumanne, 8 Februari

Majaribio chamani. Mwenyekiti wetu Muthoni alisikiliza kutoka chumba cha pili, akaja kuuliza kama nimemeza nyuki. Eti sauti yangu inamwagika hadi kwenye masafa ya majirani. Evodius akanipa pole, akisema, Bwana Mwamba, kizuri hakikosi ila. Ile "Bwana" ilikuwa na miiba.

Ugonjwa naujua. Amplifaya isiyo mlafi ina dosari yake: sauti ikipanda, inaiponda kichwa. Nikinong'ona, malaika. Nikiongea, nyuki. Na mimi sijawahi kunong'ona.

Alhamisi, 10 Februari

Mungu wangu! Nimepata!

Mke wangu Adrienne alikuwa anakata kitenge. Nikamuuliza mbona mkono wa gauni mkubwa hivyo. Akasema hiki kinarudi kikifuliwa, Papa Aida, kwa hiyo anakikata kikubwa. Nikaruka! Amplifaya inaponda vilele vya sauti? Basi nitavikuza kabla havijaingia! Kompyuta ipinde sauti huku, amplifaya ipinde kule, itoke imenyooka. Wengine wamegundua kabla yangu, najua. Lakini si jikoni kwangu.

Nimewaambia kazini nina homa, nikapima siku nzima: kila kimo cha sauti kinapondwa kiasi gani. Feni ya kuipoza ingekula umeme na kuniharibia theluthi zangu, kwa hiyo amplifaya nimeiweka balkoni. Nyuzi kumi na mbili chini ya sifuri, bure! Mlango ulibaki wazi kwa ajili ya nyaya. Binti yetu Aida alikula chakula amevaa glavu, akaniambia kwa Kiswidi kwamba sina akili. Hata kwa uji wa moto niliompa hakunishukuru.

Ijumaa, 11 Februari

Nimejirusha hewani kutoka balkoni, Muthoni akasikiliza kwao Vällingby. Akapiga simu kuuliza huyo mtangazaji ni nani. Mimi! Jumamosi ni yangu!

Baadaye Evodius akapiga, sauti ya asali. Alitaka kujua niliipima wapi. Siri ya kazi, nikasema. Akanionya kwamba amplifaya ikipata joto hubadilika tabia. Nifike mapema niipime upya ikiwa moto. Wivu mtupu. Nikamshukuru nikiiga Kiswahili chake cha Bukoba, ili aumie.

Adrienne naye akauliza: na kitambaa kisiporudi je? Nitavaa hema? Nikamjibu kwamba hii ni sayansi.

Hata hivyo nitaibeba kwenye kisanduku cha samaki, katikati ya theluji. Si kwa sababu ya Evodius.

Jumamosi, 12 Februari

Kisanduku kinanuka makayabo, samaki wetu wa chumvi. Kwenye treni viti vyote vya karibu nami vilibaki vitupu. Nilikaa kama waziri.

Chama kimejaa. Chai, mandazi, hita zinachemka. Nikaita Bukavu. Bukavu ikaitika! Muthoni akaonyesha dole gumba. Nikasema, Mzee Dieumerci, ni mimi Mwamba wa Kadutu, yule uliyemfukuza.

Mzee akacheka sana. Akasema Mwamba hawezi kutoka safi hivyo. Huyu ni padri wa Kizungu aliyejifunza Kiswahili. Nikaapa. Nikamtajia jina la mbwa wake. Akasema padri amefanya uchunguzi.

Nikapaza sauti. Nikamweleza theluthi mbili. Nikamweleza kitenge. Theluji ikawa maji, amplifaya ikawa pasi, na kompyuta iliendelea kupinda kwa vipimo vya balkoni. Nyuki wakarudi, na mashemeji zao! Mtaliano mmoja wa masafa ya jirani akaja kututukana. Muthoni akakimbilia swichi. Kabla hajaifikia, Bukavu nzima ikalipuka: aaa, Mwamba! Ni wewe kweli, mwanangu! Nani mwingine ananguruma hivyo!

Swichi. Kimya.

Evodius akamalizia kwa jiko lake. Mzee akamtuma aniambie nisipotee tena, kwamba amekaa miaka mingi akiulizia ule mngurumo. Nikatoka nje kidogo. Vumbi liliniingia machoni. Vumbi, Februari.

Jumapili, 13 Februari

Evodius amejitolea tuipime pamoja chamani, ikiwa moto. Eti kazi ya kikombe kimoja cha chai. Nimekataa. Vipimo vyangu havina kosa. Chumba ndicho chenye kosa.

Nimepima friza ya Adrienne. Ukitoa sombe, yale majani yake ya muhogo, na makayabo, amplifaya inaingia na vidole viwili vinabaki. Friza inakula wati mia na ishirini. Ukijumlisha na mia na hamsini zangu, mia mbili na sabini. Bado namshinda Evodius kwa thelathini! Na ina magurudumu, na stesheni ina lifti.

Adrienne yuko kanisani hadi saa nane. Tundu la kwanza la nyaya limeshatoboka vizuri. Kuna kibomba ukutani mwa friza kinafoka kidogo kama nyoka, lakini nadhani ni baridi tu inatoka.