Kamati ya Safari ya Watu Wawili

Scarborough, Toronto
18 Septemba 2016

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Maandalizi ya Safari ya Bwana na Bibi Cyprian,
Don Mills.

YAH: KUOMBA KURUDISHIWA SAFARI YANGU

Ndugu Mwenyekiti, Mzee wetu Sadru, shikamoo.

Mimi ni Leokadia, mke wa Cyprian, mama yao Clinton na Sara, yule ambaye safari yake mnaiandaa. Najitambulisha kwa kirefu kwa sababu tangu kamati iundwe sijapata nafasi ya kusema neno mbele yako, na nisingependa ufikiri barua hii imetoka kwa mtu asiyehusika. Natumaini Mama Mehrunissa hajambo na goti limeacha kumsumbua. Sisi hatujambo, ila mimi nina mambo.

Nikukumbushe tulikotoka. Mwezi wa saba, kwenye harusi ya Ahmed na Suhaila, nilikufuata mezani nikakuuliza swali moja tu: wewe uliyewahi kufika Halifax, hoteli gani nzuri iko karibu na bahari? Nikakueleza kwamba mimi na Cyprian tunataka kwenda kupumzika siku nne, wikendi ya sikukuu ya Shukrani. Tutembee pwani, tule kamba wale wakubwa wa makucha, kisha tukodi gari tuingie Bonde la Annapolis kwenye mashamba ya zabibu, tuonje mvinyo, turudi. Ukaniambia, "Niachie mimi, binti yangu." Nikashukuru. Mtu mzima mimi, niliyezaliwa Bukoba, nilipaswa kujua kwamba kwetu mtu akisema niachie mimi, kesho yake kuna mwenyekiti, katibu na mweka hazina.

Labda sikueleza vizuri kwa nini naitaka safari hii, basi nieleze sasa. Cyprian anafanya kazi usiku pale uwanja wa ndege. Mimi nafanya mchana, kliniki ya meno. Tunakutana mlangoni, ananipa ufunguo wa nyumba, nampa habari za watoto, kila mtu anashika njia yake. Mengine tunaandikiana kwenye karatasi za friji: maziwa yamekwisha, Sara ana mafua, nakupenda, usisahau umeme. Namkumbuka mume wangu, Mzee, na naishi naye nyumba moja.

Kwa hiyo wazo la Halifax lilinipagawisha. Ndani ya basi la Lawrence nilisoma maoni ya wageni wa hoteli mpaka nikapitiliza kituo, na siku ya pili nikapitiliza tena. Nilinunua kofia pana ya ukili. Nilijifunza kuzungusha glasi ya mvinyo kwa kutumia chai ya rangi, nikachafua kitambaa cha meza, nikacheka peke yangu. Mtu wa namna hiyo hastahili kufanyiwa haya ninayoyaorodhesha hapa chini.

1. Kwamba kikao cha kwanza kilifanyika sebuleni kwangu, nikapika mimi ndizi na nyama, na mlipokwisha kunawa mikono nikaombwa nitoke. Katibu alinieleza kwa adabu kwamba wahusika hawakai kikaoni, kama vile bibi harusi asivyokaa kwenye kikao cha harusi yake. Hilo silipingi, ndiyo desturi yetu. Lakini bibi harusi akitolewa huenda kupakwa hina. Mimi nilikwenda kukaa chumba cha kufulia nguo, chini kabisa ya jengo, nikitazama shuka za majirani zikizunguka wakati watu wanajadili nitalala wapi.

2. Kwamba tumepangiwa wasimamizi. Ahmed na Suhaila wa Parkdale nawapenda sana, lakini wao wameoana juzi na mimi nina mtoto anayevaa viatu vikubwa kuliko vya baba yake. Sijui watatusimamia katika lipi. Nimeambiwa watalala chumba cha pili, mlango wa kupitia ndani, ili tukihitaji ushauri tugonge. Nilimpigia Suhaila nikamsihi akatae. Akanijibu kwa ile sauti yake ya Unguja, "Dada Leo, mie nimepewa kazi, na lawama siitaki." Tangu hapo ananitumia kila asubuhi ujumbe wa nasaha za ndoa.

3. Kwamba mvinyo umeondolewa kwenye safari ya mvinyo. Naelewa kwamba wajumbe wengi hawanywi kwa dini, wengine kwa daktari, na mmoja kwa mkewe. Nawaheshimu wote. Lakini kikao cha pili kiliamua mashamba yale yaitwe Nchi ya Zabibu katika maandishi yote, kisha wewe mwenyewe, kwa kuwa ulizaliwa Dodoma, ukasimama kuthibitisha kwamba zabibu za kwetu huvunwa mara mbili kwa mwaka na za Kanada mara moja tu, kwa hiyo hatuendi kuonja bali kukagua. Sasa ipo kamati ndogo ya ukaguzi. Nimesikia itawapa wenye mashamba mapendekezo.

4. Kwamba tunakwenda kwa basi. Ndege ilikataliwa kwa sababu haipokei sufuria. Nilipouliza kupitia kwa katibu kwa nini tubebe sufuria kwenda kwenye mji wenye mikahawa, nilijibiwa na Télesphore, ndugu yetu Mkongomani mliyemteua kuwa mshereheshaji wa ndani ya basi. "Mama Leo, problème iko wapi? Tuko famille moja." Problème, Mzee, ni kwamba kutoka hapa mpaka Halifax ni mchana mzima na usiku mzima, na Télesphore amekwisha kununua kipaza sauti.

5. Cyprian. Hapa ndipo panaponiuma. Alianza akiwa upande wangu, alikasirika hata kuliko mimi. Mkamwita kama mjumbe mwalikwa, mara moja tu, atoe maoni ya usafiri. Kikulacho ki nguoni mwako. Siku hizi akitoka kazini halali, anaongea na wewe kwenye simu kuhusu matairi. Juzi nilikuta karatasi kwenye friji, nikaikimbilia nikidhani ni yangu. Ilikuwa imeandikwa: "Mkumbushe Mzee Sadru vitenge vya sare."

6. Na hili la mwisho ndilo lililonitoa machozi, kisha nikacheka, kisha nikachukua kalamu. Jana kwenye kundi la WhatsApp mlitangaza kwamba basi limejaa. Mlisema shughuli ni watu, na watu wamejitokeza kuliko mlivyotegemea. Mkaendelea kusema kwamba mwenye shughuli muungwana hali kabla ya wageni wake, na hapandi kabla yao pia. Kwa hiyo Bwana na Bibi Cyprian wameachia viti vyao kwa moyo mkunjufu. Moyo huo sijui mliukunjua saa ngapi. Clinton na Sara, kwa kuwa ni watoto, wamehesabiwa upande wa wageni na wana viti vya dirishani. Wasimamizi wetu wanakwenda. Mimi nimepangiwa kusimama kwenye maegesho, nimevaa sare, niwapungie mkono.

Mzee Sadru, mimi si mtu wa fujo. Sijawahi kukataa mchango wala zamu ya kupika, na msiba ukitokea nyumba yangu haina mlango. Najua mnafanya haya kwa upendo. Mngekuwa mnatuchukia mngetuacha tuende. Lakini fikiria jambo hili kama lingekuwa lako. Mtu ameomba aelekezwe hoteli, amepewa msafara, kisha ameachwa nje ya msafara wenyewe.

Kwa unyenyekevu naomba kamati ivunjwe. Kama haivunjiki, na najua kamati zetu huvunjwa kwa kuunda kamati ya kuzivunja, basi nipokelewe katika safari yangu kama msafiri wa kawaida, hata kiti cha nyuma karibu na sufuria. Na hilo nalo likishindikana, naomba angalau mnirudishie Cyprian, kwani yeye hakuwa sehemu ya bajeti.

Nisalimie Mama Mehrunissa, wajumbe wote, kamati ndogo ya ukaguzi, na Télesphore pamoja na kipaza sauti chake. Ahmed na Suhaila waambie nasaha za leo nimezisoma.

Ni mimi niliyekosa kiti,

Leokadia
(Mhusika)

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha Cyprian ameingia, akaisoma barua hii yote amesimama, koti mwilini. Nilidhani atanikasirikia. Akaniuliza kama likizo yangu ya siku zile nne imekwisha kukubaliwa. Imekubaliwa. Yake pia. Tukaanza kuwahesabu watakaokuwa ndani ya lile basi: wewe, Mama Mehrunissa, katibu, wasimamizi, kwaya ya kanisani, watoto wetu, majirani wa ghorofa ya juu, kila mtu mwenye namba yetu ya simu na kila anayejua mlango wetu. Tukatazamana. Mzee, chonde chonde, kamati isivunjwe. Viti vyetu wapeni wengine, na kama yupo mtu yeyote Scarborough asiye na kiti, kodini basi la pili. Hata siku ziongezeni. Tutakuja kuwapungia mkono, na sare nitavaa. Mkifika salama msitupigie simu.