Malalamiko juu ya Gari Linalojikanyagia Freni

Kwa Mama Presida Marie-Rose Ninahazwe,
Koperative yetu ya mpunga, Luberizi

Jambo: Buto ing'olewe, ufunguo urudi

Mama Presida muheshimiwa,

Nakusalimu, na pole kwa kazi ya kuongoza watu wasioongozeka. Kabla hujasoma maneno, tazama kwanza maandiko. Yamenyooka ao hayakunyooka? Minye nilifika mwaka wa pili tu, shule ikashindwa na minye, lakini herufi zangu zimesimama kama mpunga kabla ya mvua. Mulisema mu komite kama Mzee Sévère mikono inatetemeka, ndiyo maana mukaninyang'anya ufunguo wa gari la koperative na kumupa Fabiola, mtoto wa mdogo wangu. Mkono unaotetemeka unaandika hivi? Weka jibu lako pembeni, nitalirudilia.

Malalamiko ni haya.

1. Gari halina adabu. Karibu na usukani kuna buto, kile kidude cha kubonyeza, yenye mchoro wa gari likishuka mlima. Fabiola, aliyesomea udereva Bujumbura, alinieleza: ukifika kwenye mutelemko, bonyeza, toa mguu kwenye freni, shika usukani tu. Gari lenyewe litakamata magurudumu moja moja, hili kidogo, lile kidogo, litashuka polepole kama mutu anatembea. Nikamuuliza: na mguu niuweke wapi, mu mufuko? Akasema, "Baba mukubwa, uupumzishe." Mama Presida, mguu huu umeshusha malori ya mihogo kwenye milima ambayo mbuzi wanashuka wakisali. Haujaomba likizo.

2. Buto imemuharibu Niyonzima. Unamujua: ndiye aliyekuwa anakimbia nyuma ya gari na kale, kile kipande cha mti cha kutupa chini ya gurudumu gari likitaka kukimbia. Mwanaume mwembamba, mwepesi, mwenye heshima. Sasa anakaa ndani, anakula mahindi ya kuchoma na kutazama mlima kupitia kioo kama mbunge. Kale ameiacha nyumbani, mke wake anaikalia akichambua majani ya sombe.

3. Ile siku ya mahari. Munasema kosa ni langu. Ngoja. Tulikuwa tunawashusha wakwe kutoka mlimani, familia ya Luc, wapeleke mahari kwa kina Noella pale mlima unapoishia. Wamama wote kitambaa kimoja. Nyuma kabisa mitungi ya pombe ya ndizi, imefunikwa shuka jeupe, na Luc mwenyewe, bwana harusi, amejilaza kati yake aishikilie isimwagike. Fabiola akanishauri nibonyeze. Nikabonyeza, kwa heshima ya koperative tu. Gari likaanza kulia chini: krrr! krrr! krrr! Fabiola anasema ndiyo sauti ya kazi yake, freni zinakamata na kuachilia. Minye ninajua sauti ya chuma kinachokufa! Nikapiga kelele: "Shukeni wote! Niyonzima, kale!" Kale iko nyumbani chini ya mke wake. Wamama wakaruka chini, na gari likaendelea kushuka vilevile, taratibu, kama halikunisikia. Hata tulipofika tambarare niliacha litambae, sababu nilikuwa nimelikasirikia. Wamama wakafuata kwa miguu, na kwa kuwa pumzi ilikuwa fupi wakaimba wimbo wa Bikira Maria, ule wa polepole.

(Samahani, hapa kalamu imeruka na wino umechafua. Endelea tu.)

Sasa weye mwenyewe fikiri uko pale chini, unangojea wakwe. Unaona gari linakuja mwendo wa mazishi, shuka jeupe nyuma, wamama wa kitambaa kimoja wanafuata wakiimba, na bwana harusi haonekani. Libérate, shangazi wa bibi harusi, akatupa sahani akalia. Kilio kikaitikiana nyumba kwa nyumba. Noella akaanguka. Wanaume wakavua kofia, wengine wakaanza kubishana nani atachimba. Luc aliposikia jina lake linaliliwa, akanyanyuka kutoka ndani ya shuka jeupe kuuliza nani amekufa. Mpaka leo kuna watu waliokimbilia mashamba ya mpunga hawajarudi.

Ninauliza: nani alimuua Luc? Mguu wangu? Mguu wangu ulikuwa umepumzika! Ni buto.

4. Tukinyamaza tutakwisha. Leo gari linajikanyagia freni. Kesho ng'ombe wa Mutarule watajichunga, mpunga utajipepeta, na juu ya meza ya komite kutakuwa buto yenye mchoro wa Mama Presida. Sitaki kukuogopesha. Nasema tu kama ulinzi wa kiti chako unaanzia kwenye mguu wangu.

Kwa hiyo ninaomba buto ing'olewe mbele ya mkutano na izikwe kwa heshima, maana machozi yalikwisha kutolewa, yasipotee bure. Na ufunguo urudi mu mukono huu ambao herufi zake unaziona. Bila ufunguo, siku ya soko ninakaa mbele ya nyumba, gari linapita, watu wananipungia mikono kama mutu anayeagwa. Hiyo, Mama, siiwezi.

Nisalimie komite yote, hata walionyoosha kidole kunipinga. Nisalimie Luc na Noella, uwaambie mtoto wa kwanza wakimupa jina langu sitakataa. Mama Libérate apokee pole ya sahani.

Ni minye, mtumishi wako asiyetetemeka,
Nizigama Sévère
shofere wa milima yote

N.B. Barua hii utaipata mu mukono wa Fabiola. Leo alisimamisha gari mbele ya nyumba yangu, akafungua mlango. Nikapanda ili nimupeleleze. Tulifika juu, sasa tunashuka, na barua yote nimeiandika mu njia, karatasi juu ya goti, buto imebonyezwa. Krrr iko inalia, herufi haziogopi. Pale tu kalamu iliporuka, ndipo nilimwambia aizime kidogo akanyage freni kwa namna yangu. Paji la uso lilipiga kioo, sasa linavimba. Ufunguo abaki nao. Minye munipe kiti cha mbele, maana barua bado ninazo nyingi. Na buto, tafadhali, musiing'oe: tungali kwenye mutelemko.