Mamba wa Ukoo wa Wanigasawa

Jumatatu, 6 Novemba

Furaha iliyoje! Mji wetu wa Kurotani unaandika kitabu cha historia, na kila jina la ukoo lisilo la kawaida litapewa aya moja. Wanigasawa! "Kijito cha Mamba"! Tuko nyumba mbili tu: yangu, na ya binamu Tokuji, muuza tofu, ile jibini ya soya. Nimeshapeleka maana: babu yetu alimuua mamba kwa upanga. Karani, Bi Nozue, akauliza mamba huyo alitoka wapi, maana nchi hii haina mamba. Nikamjibu: ndiyo sababu haina!

Jumanne, 7 Novemba

Balaa. Tokuji naye kapeleka yake. Eti babu alikuwa mchoraji, akachora joka kwenye mlango wa hekalu, watu wakadhani ni mamba. Aibu gani hii! Mke wangu Fumie anasema labda babu alikuwa na meno makubwa tu. Nani kamuuliza? Tusipokubaliana kufikia Ijumaa, aya inafutwa. Kumpigia Tokuji? Thubutu! Hatujasemezana miaka minane.

Jumatano, 8 Novemba

Ukurasa wa tanzia, kabla ya chai, kama kila siku. Wanigasawa! Macho yakaruka hadi mwisho: Tokuji. Maskini! Nilisikitika kabisa, karibu dakika nzima. Kisha mbio hadi posta. Telegramu za rambirambi husomwa mbele ya waombolezaji wote, na Bi Nozue hakosi msiba. Niliandika: "Pumzika, Tokuji. Sitasahau ulivyokiri kwangu kwamba joka ulilitunga, na mamba ndiye wa kweli." Fumie akauliza kama nimesoma tangazo lote. Maswali mengi!

Alhamisi, 9 Novemba

Nilichelewa msibani makusudi, nionekane nikiingia. Nikainua macho kwenye picha katikati ya maua. Bi Tome! Mama yake Tokuji, miaka tisini na minane! Na Tokuji kakaa mbele, mzima wa afya. Mfiwa mkuu. Mfiwa mkuu ndiye huandikwa mwisho wa tangazo, hata mtoto anajua. Telegramu yangu ilikuwa tayari mkononi mwa msomaji. Nikapunga mikono. Akadhani ni uchungu. Akaisoma yote, kwa sauti ya majonzi. Tokuji akageuka: "Isao ndugu yangu, hayo nilikwambia kabla sijafa au baada?" Ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Hata mtawa alijificha nyuma ya kitabu chake. Bi Nozue akatoa kalamu, akamfuta mamba wangu daftarini.

Jumapili, 12 Novemba

Joka limepita; Bi Nozue kasema mwongo hahesabiwi. Litachapwa! Fumie kanisukuma nikaombe radhi. Nikamfukizia ubani Bi Tome, nikainama hadi sakafuni. Tokuji kanisamehe, kanipa tofu ya moto, akasema mama yake angecheka hadi machozi. Mtu mwema kweli. Nikaapa moyoni kuacha ujinga. Lakini wakati ananimiminia chai, alikohoa. Mara mbili! Na kitabu kitachapwa upya baada ya miaka kumi. Telegramu nimeshaiandika, nimeacha tu nafasi ya tarehe.