Friji la Ukumbi Lihamishwe Kabla ya Jumamosi

Kwa Meneja wa Ukumbi wa Sherehe,
ambaye kwa bahati ya kuzaliwa ni Kaka yangu.

Shikamoo Kaka.

YAH: SAUTI KUKWARUZA, NA WALE WANAOIKWARUZA

Nimeipokea barua yako ya jana yenye muhuri wa ukumbi, ingawa nyumba zetu zimepakana na ungeweza kuniita dirishani. Umeandika kwamba muziki wangu katika sherehe mbili zilizopita “ulikoroma kama mtu mwenye mafua”, na kwamba nisipoutengeneza kabla ya Jumamosi, harusi ya binti yako itapigiwa muziki na yule DJ anayevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Nimeisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Kaka, binti huyo nilimbeba mgongoni nikiuza unga sokoni. Hajajua hata kuhesabu, nilimwahidi kwamba siku yake muziki nitapiga mimi shangazi yake, hata ikibidi kugonga sufuria. Leo nina kompyuta, nina spika mbili zinazonizidi urefu, mtaa mzima unaniita DJ Shangazi, halafu Jumamosi nikae pembeni na sahani magotini kama mgeni mwalikwa? Imeniuma, wala sifichi.

Lakini kwa kuwa umeniandikia kiofisi, nami nakujibu kiofisi. Naandika hapa hapa ukumbini kwako, karatasi ikiwa juu ya spika ya kushoto. Tangu asubuhi nafanya uchunguzi. Nimechomoa kila waya nikauchomeka upya. Uliolegea nimeutupa nikanunua mwingine. Nimeazima spika za mwenzangu, nazo zikakoroma vilevile kama za kwangu, utadhani zimelala chumba kimoja. Kwenye kompyuta nimefunga kila kitu nikabakiza muziki peke yake, nikaizima, nikaiwasha, nikaipangusa vumbi, nikaisemesha vizuri. Mkwaruzo uko palepale. Hivyo ni dhahiri kwamba kosa haliko kwangu, na sasa naomba kukuonyesha lilipo.

1. Friji. Friji la jikoni kwako linakula umeme soketi moja na amplifaya yangu. Likiguruma, spika zinakoroma. Likinyamaza, spika zinaendelea kukoroma, jambo linalokuonyesha jinsi friji hilo lilivyo na hila. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Naomba lihamishwe kabla ya Jumamosi na wageni wanywe soda zilivyo. Sijawahi kusikia mtu akirudi harusini akasimulia ubaridi wa soda.

2. Chaja ya kompyuta. Hapa nasema kweli tupu, maana mgala muue na haki yake mpe: nikiichomoa chaja, kuna mvumo mmoja wa chini chini unaondoka. Mkwaruzo wenyewe unabaki, lakini bila mvumo unakuwa mkwaruzo msafi. Tatizo ni kwamba bila chaja betri yangu haifiki kwenye keki. Kwa hiyo naomba keki ikatwe mwanzo kabisa, maharusi wakiwa bado njiani. Watakuta vipande vyao.

3. Fundi wa kuchomelea mageti, nyuma ya ukumbi. Nilimwendea kwa adabu zote. Akanijibu, “Mama, Jumamosi mimi sifungui kabisa.” Nikamuuliza, sawa, na umeme uliouchafua tangu Jumatatu umekwenda wapi? Akavaa kofia yake ya chuma, akarudi kwenye geti lake. Umebaki kwenye waya, Kaka, umekwenda wapi kwingine! Naomba afunge kuanzia Jumatano ili umeme upate muda wa kutulia.

4. Bati. Paa lako lina misumari iliyolegea, na besi ikipiga bati nalo linaitikia bila kuombwa. Naomba liezuliwe upande wa spika tu. Kuhusu mvua, naamini ofisi yako ina njia zake.

Kabla sijaendelea, najua utasema yale yale uliyoyasema mara ya kwanza, ya pili, na juzi mbele ya wapishi: “Dada, punguza.” Najua pia nani kakutia maneno hayo. Ni huyo wa miwani, aliyepita akachungulia vyombo vyangu na kutikisa kichwa. Kaka, mimi nimeuza unga nusu ya maisha yangu na sijampa mtu bakuli lisilo na kilele. Mtu akija kwangu na mfuko wake, najaza, napigapiga bakuli, naongeza, na kinachomwagika ni chake. Mkono wa kupunja sikurithi kwa mama na wewe unajua. Basi ni hivyo hivyo kwenye muziki. Kwenye kompyuta sauti iko mwisho. Kwenye mashine ya kuchanganyia sauti, kila kitufe kiko mwisho. Kwenye amplifaya iko mwisho, na nimekibandika kitufe chake kwa utepe wa gundi kisije kikarudi nyuma chenyewe. Zile taa nyekundu zote zikiwaka, hapo ndipo najua vyombo vinafanya kazi kwa moyo wao wote. Eti nimpe bibi harusi kitufe cha katikati? Mwanetu apewe nusu bakuli mbele za watu? Hilo halitatokea nikiwa hai.

5. Wageni. Siku hizi watu wanasikiliza muziki kwenye simu, unawafikia kupitia kitundu kama cha sindano. Wakipewa muziki kamili wanakunja uso na kusema unakwaruza. Naomba pale mlangoni, wanapopokelewa kadi, wapimwe masikio pia. Atakayeshindwa apewe kiti cha nje pamoja na soda yake ya moto, na asiseme hatukumjali.

6. Meneja. Hili nimelitafakari sana kabla ya kuliandika, maana damu ni nzito kuliko maji. Lakini uchunguzi hauna undugu. Katika sherehe zote mbili zilizokoroma, friji lilikuwepo, bati lilikuwepo, na wewe pia ulikuwepo. Sherehe ya kabla ya hizo ulikuwa unaumwa jino ukabaki nyumbani, na hakuna aliyeniletea lalamiko hata moja. Sikuhukumu, Kaka, nasema nilichokiona. Nakuomba kwa heshima ya mkubwa kwamba Jumamosi ubaki nyumbani. Binti nitamwingiza mimi: mkono mmoja umeshika wake, mwingine uko kwenye kompyuta. Ukitaka kufuatilia, utasikia. Ukiwa sebuleni kwako na madirisha yamefungwa, utasikia vizuri tu.

Nakutakia kazi njema. Msalimie wifi yangu, mwambie vile viatu vyake vya harusi avivae ndani ya nyumba kwanza vizoee miguu. Wasalimie wapishi wote, mlinzi wa geti, na mama wa kufagia aliyeniazima kiti. Hata fundi wa kuchomelea msalimie, sina kinyongo naye. Friji tu ndilo silipi salamu.

Ni mimi, mtiifu wako mwenye donge,
Dada yako mdogo,
DJ Shangazi.

Tanbihi. Kaka, bahasha usiifungue. Kama umeshaifungua, rudi juu ufute yote, kisha usome hapa tu.

Nilikuwa nalamba gundi ya bahasha, bibi harusi wetu akaingia na gauni lake mwilini ili nimwone. Akasema kitu, sikumsikia kwa muziki niliokuwa nimeufungulia. Akarudia, sikumsikia. Akaenda mwenyewe kwenye vyombo, akabandua utepe wangu, akarudisha kila kitufe katikati, kompyuta, mashine na amplifaya. Taa nyekundu zikazimika zikabaki za kijani. Nikafungua mdomo nimkaripie, muziki ukanizuia. Friji lilikuwa linaguruma, fundi anachomelea nyuma ya ukuta, bati juu yetu, na wewe mwenyewe nimekuona ukipita koridoni na funguo zako. Na sauti, Kaka, ilitoka safi kama sahani iliyosuuzwa. Nilifurahi nikapiga vigelegele peke yangu.

Kisha tukasikia maneno. Ule ndio wimbo ninaomwingizia kila bibi harusi, tangu siku yangu ya kwanza na kompyuta, kwa sababu ya ile ngoma yake tamu ya mwanzo. Maneno yake sikuwahi kuyapata. Leo nimeyapata. Ni mke anashangilia kwamba mumewe kaondoka na sanduku lake, analishukuru basi lililombeba, na analiombea lisipate njia ya kurudi. Nimewaingizia wimbo huo maharusi wa mtaa mzima huku mama zao wakilia kwa furaha.

Nilitaka kuufuta pale pale. Binti alikuwa amekaa sakafuni na gauni lake jeupe, anacheka hadi machozi, na akanishika mkono. “Shangazi, usiufute. Nimeucheza tangu nikiwa mdogo. Nataka huo huo, na nataka upige wewe. Baba nitaongea naye mimi.” Nililia kidogo, sasa hivi nimemaliza.

Kwa hiyo malalamiko yote nayaondoa. Friji likae, bati likae, wewe uje na suti yako. Jumamosi muziki utakuwa safi kuanzia mwanzo hadi mwisho, isipokuwa wimbo wa kuingia, ambao vitufe vyote nitavipeleka mwisho na utepe nitaurudisha. Usije kunigusa bega kuniambia nipunguze. Mama mkwe wa binti atakaa meza ya mbele, na nimeulizia, masikio yake ni mazima kabisa.